Nilikomboa pointi za kadi nikapata laptopu, skrini ilipoharibika ndo nikajua nilichokubali

Nimetoka juzi tu kwenye shughuli ya kubadilisha pointi za kadi ya mkopo kuwa laptopu. Imeisha vizuri, lakini imenila muda mrefu na simu nyingi kuliko nilivyodhani, na naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye pointi zimelala kwenye akaunti na anapitia katalogi ya zawadi anaona simu, hedifoni, saa janja na televisheni zimepangwa pale kama za bure. Sio za bure. Na sio hilo hasa linaloniuma, bei ya pointi unaweza kuipigia hesabu ukairidhia kama nilivyoiridhia mimi, kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyenieleza kuwa kifaa ulicholipia kwa pointi hakiji na ulinzi uleule wa kifaa ulicholipia kwa pesa.

Sababu yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaingia chuo, anasoma mambo ya takwimu, laptopu ya kuazima isingemfikisha popote, na mimi pesa ya mkupuo sikuwa nayo ila pointi nilikuwa nazo nyingi, nimezikusanya miaka kwa kulipia karibu kila kitu na kadi na kumaliza deni kila mwezi. Halafu benki ikatuma taarifa kwamba fungu moja kubwa la pointi linakaribia kuisha muda. Hapo simama kidogo, maana pointi haziishi muda kwa namna moja kila mahali. Kuna mipango ambayo kila fungu lina tarehe yake tangu siku ulipolipata na la zamani ndo linatangulia, kuna ambayo zote zinabaki hai mradi kadi inatumika, na kuna ambayo haziishi kabisa ila ukifunga kadi au ukichelewesha malipo zinapotea. Soma mkataba wa kadi yako wewe, usichukue maneno ya rafiki mwenye kadi nyingine hata kama ni benki hiyohiyo.

Hesabu niliipiga kabla ya yote na naomba usiiruke. Chukua bei ya kifaa dukani leo, bei ya kulipa kweli baada ya punguzo, sio ile bei kubwa iliyopigwa mstari, igawe kwa pointi zinazotakiwa kisha zidisha kwa 100, hapo umepata pointi 100 zinakununulia nini. Halafu tazama pointi 100 hizohizo zinakupa nini ukizigeuza kuwa punguzo la deni la kadi, au vocha, au maili za ndege, yaani pointi za shirika la ndege za kulipia tiketi. Tuseme laptopu inauzwa 1,000 ya pesa yoyote unayotumia wewe na katalogi inataka pointi 140,000, basi pointi 100 zimekupa 0.71. Kama benki hiyohiyo inakubali kukupunguzia deni kwa 1 kwa kila pointi 100, zile 140,000 zingekuwa 1,400, unanunua laptopu ileile dukani na 400 inabaki mkononi mwako. Tofauti ya namna hiyo sio ya ajabu, kwenye mipango mingi vifaa ndo njia inayotoa thamani ndogo kuliko punguzo la deni au maili, na moja ya sababu ni kwamba katalogi inapanga pointi kwa kufuata bei kamili ya mtengenezaji wakati maduka yameshashusha bei tangu zamani. Simu na laptopu zinashuka bei haraka sana modeli mpya ikitoka, katalogi inakuja kushtuka baadaye.

Sasa kwa nini niliichukua hata hivyo? Kwa sababu kwenye mpango wangu punguzo la deni lina kikomo kwa mwaka na nilikuwa nimeshakifikia, maili za ndege sikuwa na safari ya kuzitumia, na lile fungu lilikuwa linaisha kabla kikomo hakijafunguliwa tena. Pointi ikiisha muda thamani yake ni sifuri, na 0.71 ni kubwa kuliko sifuri. Kwa hiyo simwambii mtu asiguse kabisa katalogi ya vifaa, namwambia aiguse akiwa na sababu anayoweza kuitaja.

Na kama unalimbikiza deni kwenye kadi ili pointi ziongezeke, acha leo. Deni la 1,000 ukilibeba mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka umelipa riba kama 20, wakati pointi za hiyo 1,000, kwa pointi 1 kwa kila 1 uliyotumia, zina thamani ya 10 kwa bei nzuri, na kwenye katalogi ya vifaa ni 7. Hizi pointi hazitoki hewani, muuzaji kila akipokea kadi anakatwa ada, sehemu yake inaenda kwa benki iliyokupa kadi na humo ndo pointi zinamochotwa. Ndo maana Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha hiyo sehemu inayoenda kwa benki mwaka 2015, asilimia 0.3 ya malipo kwa kadi za mkopo, zawadi za kadi huko zikawa ndogo ukilinganisha na Marekani. Mtindo wenyewe wa katalogi ni mzee kuliko kadi, kule Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kugawa stempu za kijani ambazo wanunuzi walizibandika kwenye vitabu wakaja kuzibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Nalitaja hili kwa sababu toka enzi hizo aliyekuwa anapanga kitabu kimoja ni sawa na chombo gani ni kampuni, sio mteja.

Haya, kuchagua. Maelezo ya kifaa kwenye katalogi yalikuwa mistari michache na picha nzuri, jina la familia ya laptopu bila kusema ni toleo lipi. Hii ni hatari, maana jina moja la laptopu linaweza kubeba matoleo mengi yenye prosesa tofauti, memori tofauti, hata skrini tofauti. Unachotaka ni namba kamili ya modeli, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu, ukishaipata unaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji unaona ni ya mwaka gani na ina nini ndani. Kwenye katalogi haikuwepo, nikapiga simu, kaka wa huduma kwa wateja akaniambia hana lakini ataulizia, nikamwomba anijibu kwa barua pepe sio kwa mdomo, na alinijibu kweli. Ile barua pepe ilikuja kuniokoa baadaye. Kwa simu uliza pia inakubali laini ngapi na inashika masafa ya 4G au 5G ya mtandao wako, kwa sababu simu ya modeli moja inatengenezwa kwa ajili ya masoko tofauti. Kwa spika, televisheni na vitu vya aina hiyo angalia umeme: chaja za laptopu na simu karibu zote zinakula volti 100 mpaka 240 kwa hiyo hazina shida, ila kifaa kilichoandikwa volti 110 peke yake ukikichomeka kwenye 230 unakiunguza.

Jambo lingine ambalo sikulitegemea, nilitaka kumalizia pointi chache zilizobaki kwa kuongeza pawabenki kwenye oda hiyohiyo, na oda ikagawanyika vipande viwili, laptopu ikaja mapema na pawabenki ikachelewa mno. Nilipouliza ndo nikaelewa kwamba betri ya lithiamu ikiwa ndani ya laptopu inahesabika tofauti na pawabenki ambayo yenyewe ni betri peke yake, na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake bila kifaa haziruhusiwi kwenda kama mzigo ndani ya ndege za abiria. Zinatafutiwa njia nyingine. Kama una haraka na kitu kikubwa usikifungamanishe na pawabenki.

Wakati wa kuthibitisha oda kulikuwa na ada ya usafirishaji, na hiyo ilikatwa kwenye kadi kama malipo ya kawaida, laptopu yenyewe ikakatwa kwenye pointi. Niliona ni jambo dogo likapita. Kumbe huo mstari ndo ulikuwa umebeba kila kitu, nitaufikia. Nilipiga skrinishoti za kila ukurasa: maelezo ya kifaa, idadi ya pointi, masharti, namba ya oda. Fanya hivyo kabla hujabonyeza kitufe cha mwisho kwa sababu baada ya hapo ukurasa wa kifaa unaweza kuondolewa kwenye katalogi, wa kwangu uliondolewa.

Wakati nasubiri mzigo nikapokea meseji ikisema pointi zangu zinaisha usiku wa leo, bonyeza hapa uchague simu mpya. Imeandikwa kwa lugha safi, jina la benki limekaa juu kabisa. Kwa mtu ambaye amekomboa pointi siku si nyingi inaaminika, moyo unadunda. Nilifunga meseji nikaingia kwenye programu ya benki mwenyewe, hakuna kitu kama hicho. Matapeli wanapenda sana pointi kwa sababu watu wanaogopa kuzipoteza, ukibonyeza unapelekwa kwenye ukurasa unaofanana na wa benki unaulizwa namba ya kadi, zile namba 3 za nyuma, halafu namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji. Kukomboa pointi hakuhitaji umpe mtu yeyote namba hiyo, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Nilimpigia mdogo wangu pia kumtahadharisha kwa sababu namba yake ndo niliyoiweka ya kupokelea mzigo.

Mzigo ulipofika niliufungua huku narekodi video, kuanzia lebo ya nje, utepe ukiwa bado haujakatwa, mpaka namba ya kifaa iliyochapwa chini ya laptopu, nikailinganisha na iliyoko kwenye boksi. Kwa simu unabonyeza *#06# inatoa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15 na inatakiwa ifanane na ya kwenye boksi. Nikaingiza namba kwenye tovuti ya mtengenezaji kuangalia waranti, na hapo ndo kengele ya kwanza ikalia: waranti ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa muda mrefu kabla laptopu haijanifikia. Mtengenezaji asipokuwa na tarehe ya mauzo anahesabu kuanzia siku alipomtumia msambazaji, na hii ilikuwa imekaa ghalani. Inasahihishwa, unatuma risiti yenye tarehe wanarekebisha. Nikafungua bahasha ya karatasi zilizokuja nayo nitafute risiti. Kulikuwa na hati ya kupokelea mzigo tu, na kwenye sehemu ya bei imeandikwa 0.00.

Sikulipa uzito wa kutosha kwa sababu laptopu ilikuwa inafanya kazi vizuri na mdogo wangu alikuwa na furaha ambayo sikutaka kuiharibu. Ilienda hivyo wiki kadhaa halafu skrini ikaanza kupepesa, kwanza ikiwa na joto, baadaye muda wote. Nukta moja ya skrini iliyokufa, isiyowaka, watengenezaji wengi hawaihesabu kama ubovu, wana kiwango cha nukta wanachovumilia, ila skrini inayopepesa hiyo ni kasoro bila ubishi. Yeye alikuwa na kazi za kukabidhi, kila jioni ananipigia, "Kaka wamesemaje?", na mimi sina jibu.

Nilipiga benki. Benki wakasema wao wanatoa pointi tu, katalogi inaendeshwa na kampuni nyingine kwa niaba yao. Hiyo kampuni ikasema wao wanapokea oda, bidhaa imetumwa na msambazaji, na muda wa kuripoti kifaa kibovu kupitia kwao ni siku chache tu tangu kupokea, umeshapita, niende kwa mtengenezaji. Mtengenezaji akataka risiti ya ununuzi yenye tarehe na jina la muuzaji. Nikawatumia ile hati yenye 0.00, wakajibu hiyo inaonekana kama zawadi au sampuli, sio mauzo. Nikarudi kwa msambazaji, msambazaji akasema mteja wake sio mimi, mteja wake ni kampuni ya katalogi. Na kwa mkataba ni kweli, ndani ya mlolongo wote ule mimi sikuwa mnunuzi wa mtu yeyote. Hicho ndo kitu nilichokikubali nilipobonyeza kitufe na hakuna mahali kilipoandikwa kwa maneno mepesi.

Nikasema basi nitumie haki ya kadi. Wanaonunua kwa Visa au Mastercard wanajua kitu kikija kibovu na muuzaji akakataa kusaidia unaweza kuiomba benki ipinge malipo, kwa kesi nyingi dirisha ni siku 120. Dada aliyepokea simu alikuwa na subira, akafungua akaunti yangu akaniambia kwa upole, "Kaka, naona ada ya usafirishaji tu." Pale nilikaa kimya. Pointi hazipiti kwenye mtandao wa kadi, kwa hiyo kwa macho ya utaratibu huo hakuna malipo ya laptopu ya kupinga, kuna malipo ya kusafirisha boksi, na boksi lilifika. Ile bima ya kuongeza waranti ambayo kadi nyingine hutoa nayo ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba wangu kwamba inahusu kifaa kilicholipiwa kwa kadi. Ziko kadi zinazokubali hata kilicholipiwa kwa pointi za kadi hiyohiyo, kwa hiyo lisome hilo neno kwa neno. Na kama katalogi inaruhusu kuchanganya, pointi kiasi na kadi kiasi, mchanganyiko unakuachia angalau malipo halisi ya kifaa chenyewe kwenye kadi. Kuna sehemu hata sheria inaupa nguvu, Uingereza kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinambana mtoa kadi pamoja na muuzaji hata kama kadi imelipa sehemu tu ya bei.

Kampuni ya katalogi baada ya kusumbuliwa sana ikanipa chaguo, turudishie laptopu tukurudishie pointi. Nilifurahi kwa kama saa moja hivi mpaka nikauliza pointi zinarudi na tarehe gani. Zinarudi na tarehe yake ya zamani. Lile fungu lilikuwa limeshapita muda, yaani zingeingia kwenye akaunti na kufutika papo hapo, ningebaki bila laptopu na bila pointi. Ukipewa ofa ya kurudishiwa pointi uliza hilo swali kwanza kabla hujasema ndiyo, na jibu liwe la maandishi.

Kilichofanya kazi mwishowe kilikuwa karatasi. Nilikusanya barua pepe ya yule kaka wa huduma kwa wateja yenye namba kamili ya modeli, uthibitisho wa oda wenye tarehe na idadi ya pointi, taarifa ya akaunti ya pointi inayoonyesha zimekatwa siku ileile, hati ya kupokelea mzigo yenye namba ya kifaa, na video. Nikaandika barua pepe moja fupi kwa kampuni ya katalogi nikiwaomba kitu kimoja tu, sio fidia, sio kurudishiwa, bali waraka wenye nembo yao unaosema kifaa chenye namba fulani kilitolewa kwangu tarehe fulani kwa malipo ya pointi kadhaa ambazo thamani yake ni kiasi fulani. Hii waliitoa bila ubishi kwa sababu haikuwagharimu chochote. Mtengenezaji akaupokea waraka ule kama ushahidi wa ununuzi, akasogeza tarehe ya waranti, akabadilisha skrini bila malipo. Siku zote nilizozunguka ningeziokoa kama ningeuomba ule waraka wiki ya kwanza kabisa, laptopu ikiwa bado nzima. Kwa hiyo ukikomboa kifaa chochote chenye betri au skrini, uombe siku kinapofika, wakati bado wanakuchukulia kama mteja mpya na sio kama mlalamikaji.

Mdogo wangu alirudishiwa laptopu na anaitumia mpaka leo, kazi mbili alikabidhi kwa kompyuta za maktaba ya chuo na moja aliomba kuongezewa muda. Hilo ndo gharama ambayo haipo kwenye hesabu yoyote ya pointi na ndo ninayoijutia zaidi.

Kikomo cha mwaka kilipofunguliwa nilihitaji hedifoni za kazi, safari hii sikuingia kwenye katalogi. Nilizinunua dukani kwa kadi kama mtu yeyote, risiti yenye jina langu na bei kamili, nikapata na pointi za manunuzi hayo juu yake, halafu nikaingia kwenye programu ya benki nikageuza pointi kuwa punguzo la deni kiasi kilekile. Ukifuata njia hii zingatia muda: subiri malipo ya duka yathibitishwe kabisa yatoke kwenye hali ya kusubiri ndo uombe punguzo, na ukija kurudisha kifaa dukani ujue pointi ulizopata kwa kukinunua zitaondolewa, salio linaweza hata kwenda chini ya sifuri kama umeshazitumia. Halafu kwenye kadi nyingi punguzo la pointi halihesabiki kama kile kiasi cha chini unachotakiwa kulipa kila mwezi, deni linapungua lakini mfumo unaona hujalipa, kwa hiyo lipa kile kiasi cha chini kwa pesa yako kabla ya tarehe hata kama punguzo limeshaingia na linaonekana limefunika kila kitu.